Majaribio ya viuavijasumu: Anayopaswa kujua mgonjwa kabla ya kutia sahihi

MGONJWA aliyelazwa kwa maambukizi makali, au mzazi aliyemleta mtoto anayehema kwa shida, huweza kuulizwa swali ambalo hakulitarajia: je, angekubali kushiriki katika utafiti wa dawa? Swali hilo huja wakati mbaya. Homa iko juu, nauli ya kurudi nyumbani haijulikani itatoka wapi, na anayeuliza amevaa koti jeupe sawa na lile la daktari anayetibu. Si ajabu kwamba wengi hukubali bila kuuliza lolote, na wengine hukimbia kwa kuhofia kugeuzwa panya wa maabara.

Pande zote mbili zinastahili maelezo, na kwa wakazi wa Nakuru na Bonde la Ufa ya Kati maelezo hayo hayahitaji kutafutwa ng'ambo. Baadhi ya dawa wanazomeza au kudungwa leo zilipimwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, baadhi yao katika vituo vya afya ambavyo msafiri huvipita akielekea Marigat.

Viuavijasumu, ambavyo wengi huviita antibiotiki, ni dawa za kuua bakteria au kuzuia wasizaliane. Kadiri zinavyotumiwa ovyo, ikiwemo kununuliwa dukani bila cheti cha daktari na kuachwa baada ya siku mbili mgonjwa apatapo nafuu, ndivyo vimelea vinavyojenga usugu. Wataalamu walikadiria kuwa katika mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kutokana na maambukizi yaliyoshindikana kwa dawa. Dawa mpya zinahitajika, na hata zile kuukuu zinahitaji kupimwa upya: je, bado zinafanya kazi, kwa kipimo gani, kwa siku ngapi? Njia ya kuaminika ya kujibu maswali hayo ni kulinganisha makundi ya wagonjwa waliogawanywa kwa kura.

Kura hiyo ndiyo jambo linalowatatiza watu zaidi. Mgonjwa hutarajia daktari amchagulie dawa, si bahati nasibu imchagulie. Lakini kura hutumika pale tu ambapo wataalamu wenyewe hawajui kwa hakika ni tiba ipi iliyo bora. Wakati Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipojaribu streptomisini dhidi ya kifua kikuu cha mapafu, dawa hiyo ilikuwa adimu kiasi kwamba isingewatosha wote. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa nasibu: 55 wakapewa streptomisini pamoja na mapumziko kitandani, 52 wakapewa mapumziko pekee, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki wanne katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1948.

Siku hizi, mgonjwa wa maambukizi makali hapaswi kuwekwa katika kundi lisilopata dawa yoyote ikiwa dawa inayofaa ipo. Dawa mpya hulinganishwa na ile inayotumika. Dawa bandia, yaani kidonge kisicho na kiambato cha tiba, hutumika pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, au huongezwa juu ya matibabu ya kawaida ambayo wote wanayapata.

Miezi 18 ikawa sita

Mkazi wa Naivasha au Molo anayetumia dawa za kifua kikuu kwa miezi sita ana deni kwa watu asiowajua. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, tiba ya kawaida katika eneo hili ilichukua miezi 18. Wengi waliiacha njiani, na ni vigumu kuwalaumu. Watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na baraza lile la Uingereza walianza mwaka wa 1970 kujaribu tiba ya miezi sita. Wote waliotumia tiba hiyo fupi walipewa streptomisini na isoniazidi. Baadhi wakaongezewa rifampisini, wengine pirazinamidi, wengine thiasetazoni, na kundi moja halikuongezewa chochote.

Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka wa 1972, na wagonjwa wakaendelea kufuatiliwa. Miongoni mwa waliopata rifampisini, ugonjwa uliwarudia takriban asilimia 3, sawa na waliotibiwa miezi 18. Waliopata pirazinamidi walikuwa takriban asilimia 8. Kwa kundi lililopata dawa mbili pekee, ugonjwa uliwarudia zaidi ya robo. Maana yake ni kwamba wagonjwa waliojitolea kwa usawa hawakupata manufaa sawa. Wengine iliwabidi kutibiwa tena. Hilo halifichiki, na mtafiti mwaminifu hulisema kabla ya sahihi kutiwa.

Juhudi za kufupisha zaidi hazikufaulu kila mara. Utafiti wa tiba ya miezi minne kwa kutumia gatifloksasini, ulioihusisha Kenya na mataifa mengine manne ya Afrika, pamoja na mwingine wa moksifloksasini uliokuwa na vituo Kenya na Tanzania, ulitoa matokeo mwaka wa 2014: miezi minne haikutosha. Ilichukua hadi mwaka wa 2021 kwa mchanganyiko wenye rifapentini na moksifloksasini kuonyesha kwamba miezi minne inaweza kulingana na sita. Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti huo uliohusisha watu zaidi ya 2,500.

Somo la Kimalel

Takriban kilomita 100 kaskazini mwa Jiji la Nakuru, karibu na Marigat, kuna Kimalel. Wakenya wengi wanaijua kwa mnada wa mbuzi wa kila Desemba. Madaktari wanaijua kwa kalaazar.

Ugonjwa huu husababishwa na kimelea kinachoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu ambaye katika nyanda kavu za Baringo na Pokot hujificha kwenye vichuguu vya mchwa. Wengu huvimba, mwili hukonda, damu hupungua, homa haikatiki. Asiyetibiwa karibu kila mara hufariki. Kimelea hiki si bakteria, lakini moja ya silaha zinazokiua ni kiuavijasumu cha zamani kiitwacho paromomisini.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano ya madini ya antimoni, kila siku kwa siku 30. Dawa hiyo huponya, ila inaweza kudhuru moyo na kongosho. Mchungaji anayelazwa mwezi mzima huacha mifugo bila mtu. Mama anayelazwa huacha watoto. Ndiyo sababu mwaka wa 2004 mtandao wa watafiti wa Kenya, Sudan, Ethiopia na Uganda, wakiungana na shirika la DNDi ambalo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) ni miongoni mwa waasisi wake, ulianza kujaribu paromomisini.

Matumaini yalikuwa makubwa kwa sababu nchini India sindano hiyo, kwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzani wa mgonjwa kwa siku 21, ilikuwa imeponya karibu asilimia 95. Hapa kwetu, kipimo kile kile kiliponya asilimia 63.8 pekee, ilhali antimoni iliponya asilimia 92.2. Sudan ndiko ilikofanya vibaya zaidi. Kenya ilikuwa na nafuu. Watafiti walipandisha kipimo hadi miligramu 20, wakajaribu pia kuchanganya paromomisini na antimoni kwa siku 17. Mchanganyiko huo uliponya asilimia 91.4, ukikaribiana na asilimia 93.9 ya antimoni ya siku 30. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliupendekeza kwa Afrika Mashariki mwaka wa 2010.

Laiti madaktari wangeiga tu kipimo cha India, theluthi moja ya wagonjwa wa eneo hili wangerudi nyumbani wakiwa hawajapona. Wanaosema kwamba majaribio yafanywe Ulaya au Asia kisha dawa iletwe huku ikiwa tayari, wana la kutafakari hapo.

Kituo cha Afya cha Kimalel chenyewe kiliingia katika historia kwa utafiti ambao haukufaulu. Pamoja na hospitali mbili za Sudan, kilipokea wagonjwa waliojaribiwa njia tatu zilizotumia amfoterisini ya mafuta au vidonge vya miltefosini. Wagonjwa walikuwa 151. Lengo lilikuwa kuponya angalau asilimia 90. Njia bora kati ya hizo ilifika asilimia 87, nyingine 77, na ya mwisho 72. Hakuna iliyosonga mbele, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016 bila kupambwa. Ambao dawa haikuwaponya walipewa tiba nyingine ya kuwaokoa, kama kanuni za utafiti zinavyolazimisha.

Kutokana na kufeli huko njia nyingine ilibuniwa: paromomisini ya sindano pamoja na miltefosini ya kumeza kwa siku 14. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 439 katika nchi nne, Kacheliba ya Pokot Magharibi ikiwa kituo cha Kenya. Matokeo ya mwaka wa 2022 yalikuwa asilimia 91.2 dhidi ya 91.8 ya tiba ya siku 17. Tofauti ni kama haipo, lakini mgonjwa hulazwa siku tatu pungufu na hudungwa sindano moja kwa siku badala ya mbili. Kwa mtoto wa miaka minane, hilo si jambo dogo. Miltefosini hata hivyo haifai kwa mjamzito kwa kuwa yaweza kumdhuru mimba aliyebeba, na hapo ndipo swali la nani ashiriki na nani azuiwe linapojitokeza.

Watoto na akina mama

Watoto wenye nimonia ambao kifua hubonyea ndani wanapovuta pumzi, zamani walilazwa na kudungwa penisilini mara kadhaa kwa siku. Watafiti nchini Kenya waliwagawa watoto 527 katika hospitali sita, nusu wakapewa sindano na nusu amoksisilini ya kumeza. Baada ya saa 48, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 7.7 ya waliomeza na asilimia 8 ya waliodungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015, na mwaka uliofuata mwongozo wa taifa wa kutibu watoto ukabadilishwa. Mzazi anayeondoka leo kliniki ya Gilgil au Njoro na dawa ya kumeza badala ya kitanda cha wodi asidhani amepuuzwa.

Eldoret nako watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi walishiriki katika majaribio mawili makubwa. La kwanza, lililofanywa pia Kongo na Nigeria, lilihusu watoto wachanga wenye dalili za maambukizi makali ambao wazazi wao hawakuweza kuwapeleka hospitali ya rufaa. Lilionyesha kuwa sindano chache zaidi pamoja na dawa ya kumeza zinaweza kutosha. La pili lilihusu dozi moja ya azithromisini kwa mama aliye katika uchungu wa uzazi. Kati ya wanawake zaidi ya 29,000 wa nchi saba, waliopata maambukizi ya damu au kufariki walikuwa asilimia 1.6 kwa waliopewa dawa na asilimia 2.4 kwa waliopewa dawa bandia. Kwa watoto wao, dawa haikuleta tofauti.

Azithromisini iyo hiyo ilipopewa watoto 1,400 waliokuwa wakiruhusiwa kutoka hospitali za magharibi mwa Kenya, haikuwapunguzia vifo wala kulazwa upya. Habari ya aina hiyo haivutii vichwa vya magazeti, lakini imeokoa dawa isitumiwe bure na usugu usiongezeke.

Hivi sasa macho yako kwa watoto wachanga, ambao bakteria wa wodini wamezoea dawa za kawaida. Utafiti wa NeoSep1, ulioanza mwaka wa 2024 na unaoihusisha Kenya kupitia kituo cha Kilifi, unalenga kuwafikia watoto 3,000 ili kulinganisha michanganyiko ya viuavijasumu, vingine vikiwa dawa za miongo iliyopita kama fosfomisini.

Yaliyotokea Kano

Hofu ya wananchi ina chanzo. Mwaka wa 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo katika jimbo la Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto 200 walihusishwa, nusu wakapewa Trovan na nusu seftriaksoni. Kumi na mmoja walifariki, watano katika kundi la kwanza na sita katika la pili. Wengine walibaki na ulemavu. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa huo ulikuwa utafiti, na kwamba seftriaksoni ilitolewa kwa kipimo cha chini. Kampuni ilikana, ikisema ugonjwa ndio uliosababisha vifo na kwamba wazazi walikubali kwa mdomo. Mwaka wa 2009 ilifikia makubaliano ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo hilo bila kukiri kosa. Wakati huo madhara mengine yalikuwa yamekwisha kutokea: mwaka wa 2003, Kano ilisusia chanjo ya polio, na kumbukumbu ya Trovan ilitajwa miongoni mwa sababu za kutoaminiana.

Kwa ulinganisho, mwaka wa 2011 utafiti wa FEAST uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania ulisimamishwa kabla ya kukamilika. Haukuwa wa viuavijasumu, bali wa kuwaongezea maji ya mshipa kwa haraka watoto wenye maambukizi makali na mzunguko dhaifu wa damu. Tiba hiyo ilikuwa ikisifiwa kote duniani. Kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu iligundua kuwa waliopewa maji kwa haraka walikuwa wakifariki zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Watoto 3,141 walikuwa wamekwisha kuingizwa. Bila utafiti ule, madaktari wangeendelea kutoa maji hayo kwa nia njema kabisa.

Haki za anayeshiriki

Nchini Kenya, jaribio la dawa haliwezi kuanza kabla ya kuidhinishwa na kamati ya maadili iliyosajiliwa, Bodi ya Dawa na Sumu, pamoja na kupata leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Vyuo vikuu vya Egerton na Moi, pamoja na KEMRI, vina kamati za aina hiyo. Bodi hudai pia kuwe na bima ya kuwafidia washiriki watakaodhurika.

Mgonjwa anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kituigen, Kikuyu au Kipokoti, utafiti unatafuta nini, atapewa dawa zipi, atatolewa damu mara ngapi, sampuli zitapelekwa wapi na madhara yapi yanajulikana. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha huweka alama ya kidole. Mzazi au mlezi huamua kwa niaba ya mtoto, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa pia. Mshiriki anaweza kujiondoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Wodini, fomu yenye kurasa nyingi haisomeki na mtu ambaye mtoto wake anapigania pumzi, na watayarishaji wa fomu hizo wangefanya vyema kuzifupisha. Pia kuna suala la fedha. Utafiti kwa kawaida hulipia dawa na vipimo, na hurejesha nauli. Kwa familia ambayo haijalipa michango ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, matibabu ya bure ni kishawishi kikubwa. Kamati za maadili hukataza malipo ya kumvuta mtu, lakini hakuna kamati inayoweza kuondoa umaskini uliomleta. Swali la kumpima mtafiti ni moja: nikikataa, mtoto wangu atatibiwaje? Jibu likikosa kueleweka, mzazi asitie sahihi.

Mshiriki naye ana wajibu. Huko Kisumu, utafiti wa doksisaiklini ya kuzuia magonjwa ya zinaa, uliochapishwa mwaka wa 2023, ulihusisha wanawake 449 na haukuonyesha faida. Nywele za baadhi yao zilipopimwa, ni sampuli 29 katika kila 100 tu zilizokuwa na dalili za dawa. Wengi walikuwa wamesema wanameza. Asiyetaka kumeza ni bora aseme. Jibu la uongo huenda likawanyima wengine dawa inayofaa.

Anayekubali apewe nakala yake ya fomu. Humo huwa na nambari ya simu ya mtafiti mkuu na nyingine ya kamati ya maadili, ambayo ndiyo ya kupigiwa ikiwa mtafiti mwenyewe ndiye anayelalamikiwa. Majaribio husajiliwa pia katika orodha za wazi, ikiwemo Sajili ya Afrika iliyoko Cape Town, na mwanafunzi yeyote mwenye intaneti anaweza kumtafutia mzazi wake jina la utafiti. Nakala hiyo ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, kwa maana daktari wa zahanati atakayemwona mgonjwa miezi mitatu baadaye atahitaji kujua ni dawa gani aliyopewa.